Faili Lililokataa Kufutwa



Wengi wenu mmetuuliza, msikitini na kwenye foleni za maduka ya hapa Langley Park, kuhusu faili la kamati lililotuchukua siku tatu kulifuta. Wako walioambiwa kwamba kompyuta iliingiwa na virusi. Wako walioambiwa kwamba mmoja wetu alikataa kwa makusudi. Si hili wala si lile. Kwa kuwa majina yaliyokuwamo ni yenu, twaona ni haki yenu kuelezwa jambo lenyewe tangu mwanzo wake. Na madhali wengi wenu mna kompyuta majumbani, nazo hugoma vivyo hivyo, huenda maelezo haya yakawafaa kwa mengine pia.

Faili lenyewe lilikuwa daftari la nyumba. Kila mwaka kabla ya Ramadhani kamati hukusanya habari za familia zetu, kuanzia majumba ya matofali yaliyo kando ya University Boulevard hadi yale ya New Hampshire Avenue: nani ana watoto wangapi, nani amesimamishwa kazi, nani anauguza, nani apelekewe futari na nani apewe zaka ya fitri. Fomu zilijazwa kwa mkono, zikapigwa picha kwa mashine, na picha zote zikatiwa katika faili moja la Microsoft Word. Likawa faili zito, megabaiti 300 na ushei. Tunawaomba mwukumbuke uzito huo, maana ndio uliotufumbulia fumbo hapo baadaye.

Fomu iliuliza machache, lakini watu wetu ni wakarimu hata wa maneno. Aliyeulizwa idadi ya watoto aliandika na shule wanazosoma. Aliyeulizwa kama ana kazi alieleza kwa nini hana, na ndani ya maelezo yale mkawa na habari za viza, za kesi, na za ndugu anayelala sebuleni. Hayo yote yalikaa ndani ya faili moja.

Baada ya Idi alitujia bibi mmoja, mjane, ambaye hatutamtaja hata kwa mji alikotoka. Alikuja na sahani zetu, zimeoshwa, na juu yake akaweka vitumbua. Akasema: "Nimekula futari yenu na nimeshukuru. Sasa jina langu lina kazi gani humo?"

Swali hilo halikuwa na jibu jema. Futari imekwisha kuliwa, zaka imekwisha kutolewa, na jina limebaki. Wako wanaosema hofu ya namna hii ni ya bure. Hao hawaikumbuki Septemba 2002, serikali ya Marekani ilipoanzisha uandikishaji maalumu uliojulikana kwa kifupi kama NSEERS. Wanaume wa umri wa miaka 16 na zaidi, raia wa nchi 25, waliokuwa hapa kwa viza za muda, walitakiwa kwenda wenyewe kuandikwa, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Karibu nchi zote hizo zilikuwa za Waislamu wengi. Somalia ilikuwamo, na kwa hiyo amri iliweza kumgusa hata mtu wa Barawa ambaye lugha ya mama yake ni Chimwiini, mradi pasi yake ilikuwa ya Somalia na viza yake ya muda. Zaidi ya watu 80,000 walijiandikisha ndani ya nchi, na zaidi ya 13,000 wakafunguliwa mashauri ya kuondoshwa, ilhali walikwenda kwa miguu yao wakitii amri. Mpango ulisimamishwa mwaka 2011, na kanuni zake zikafutwa Desemba 2016. Mjane wetu hakuitaja NSEERS. Hakuhitaji kuitaja. Watu waliokwisha kuandikwa mahali pengi, kambini, ubalozini, uwanja wa ndege, hujua kwamba orodha huandikwa na mtu mmoja na kusomwa na mwingine.

Akina mama wa kamati walikutana, wakakata shauri: zibakie hesabu tu, yaani nyumba ngapi na sahani ngapi, na faili lenye majina na picha za fomu lifutwe. Ikakubaliwa lifutwe Jumamosi baada ya Alasiri, mbele ya mashahidi, na mjane mwenyewe awepo akipenda. Akapenda.

Kompyuta ya kamati iko katika chumba cha chini cha jengo moja, kando ya mashine za kufulia nguo. Ni mashine kuukuu, tuliyopewa na ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake. Tulikuwa watu sita. Kijana wetu, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyeshika kipanya. Akaliteua faili, akabonyeza kitufe cha kufuta. Kikatokea kidirisha kusema kwamba tendo hilo haliwezi kukamilika kwa sababu faili limefunguliwa katika programu nyingine.

"Limefungwa, Bi Mkubwa," kijana akamweleza mzee wetu aliyekaa kitini karibu naye.

"Umesoma limefunguliwa."

"Ndiyo, limefunguliwa. Ndiyo maana limefungwa."

Tulicheka, lakini Bi Mkubwa hakucheka. Kwa hakika neno hili lina utata ambao Kiswahili hukidhihirisha kuliko Kiingereza. Faili linapofunguliwa na programu moja, hufungwa kwa nyingine. Anayelifungua huiambia Windows, wakati ule ule wa kufungua, ni nini wengine wanaruhusiwa kufanya maadamu yeye yumo: kusoma, kuandika, au kufuta. Asipotoa ruhusa ya kufuta, Windows humkatalia kila mwingine, hata mwenye mashine mwenyewe, hadi yule wa kwanza atakapolifunga. Ni kama msomaji aliyechukua kitabu maktabani: mkutubi anaweza kuwa amekwisha kuamua kitabu kile kichomwe, lakini hawezi kukichoma kikiwa mikononi mwa mtu.

Si kompyuta zote zilizowekewa adabu hiyo. Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell kule New Jersey, na Linux iliyofuata nyayo zake, huliona jambo kwa namna nyingine. Huko ukiamuru kufuta, jina la faili huondolewa mara moja katika orodha, na hakuna mtu mpya anayeweza kulipata. Lakini programu iliyokuwa imelifungua huendelea kulisoma kama kwamba hakukutokea kitu, na yaliyomo hayaachiliwi hadi msomaji wa mwisho aondoke. Kijana wetu alisifu utaratibu huo kwa kuwa hausumbui. Sisi twaupenda ule wa Windows, ingawa watu wengi huulaani, kwa sababu ndio uliotuambia kwamba pana msomaji. Lau mashine yetu ingekuwa ya Linux, jina lingetoweka siku ile ile, tungesoma Fatiha na kwenda zetu, na mambo mtakayoyasoma hapa chini tusingeyajua.

Kijana alipendekeza njia ya mkato. Ziko programu ambazo kazi yake ni kulipokonya faili kutoka kwa anayelishika, na ziko zinazopanga lifutwe mashine inapowashwa upya, kabla programu nyingine hazijaamka. Ni za kweli na zinafanya kazi. Alikuwa ameanza kuitafuta moja wapo Bi Mkubwa alipomshika mkono.

"Mwanangu, kabla hujamnyang'anya, ni nani anayelisoma?"

Hapo ndipo siku tatu zilipoanzia.

Tulianza na wale wanaoshukiwa kwanza siku zote. Word yenyewe ilikuwa imefungwa, lakini programu inaweza kufungwa machoni na ikabaki inapumua nyuma ya pazia, hasa ikiwa ilianguka ghafla. Mtu akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ataletewa orodha ya programu zote zinazokwenda, zenye madirisha na zisizo nayo. Word haikuwamo. Vile vile Word ikifungua waraka huweka pembeni yake kijifaili kilichofichwa ambacho jina lake huanza kwa alama za ~$, na ndani yake huandikwa jina la aliyeufungua. Kikisalia baada ya ajali, mtu huambiwa kwamba waraka unatumiwa, na huenda anayetajwa kuutumia ni yeye mwenyewe wa juzi. Nacho hakikuwapo.

Kisha tukaondoa kile kidirisha cha pembeni kinachokuonyesha sura ya faili kabla hujalifungua. Wengi hawajui kwamba ili kukuonyesha sura ile, mashine hulazimika kulifungua faili kweli, na aghalabu mtu hushindwa kulifuta kwa sababu amelitazama tu. Programu ya kukinga virusi nayo hulishika faili inapolikagua, ila huliachia baada ya muda mfupi, nasi tulikwisha kungoja kutoka Alasiri hadi karibu na Magharibi. Tukazima mashine na kuiwasha upya, ambayo ndiyo dawa ya wengi, na mara nyingi hutosha. Faili likaachiliwa kwa kitambo kidogo. Kabla kijana hajarudi kutoka kuchukua udhu, likawa limeshikwa tena.

Mjane alikuwa amekaa kimya muda wote huo. Sasa akasema, "Basi ana haraka nalo." Wengine wakasema ni mashine tu, haina haraka. Lakini maneno yake yalitukera usiku kucha, kwa kuwa yalikuwa ya kweli kwa namna fulani: kitu kinachoamka na mashine na kuliendea faili lile lile kabla ya mengine kina shughuli nalo.

Jumapili kijana alikuja na utaratibu mwingine. Katika Windows, tangu toleo la 7 lililotoka mwaka 2009, imo programu iitwayo Resource Monitor. Katika ukurasa wake wa CPU pana kisanduku cha kutafutia. Ukiandika humo jina la faili, au hata kipande cha jina, hukuonyesha kila programu iliyolishika. Hakuna cha kununua wala cha kupakua. (Anayetumia Windows mpya na asiyependa kuandika anaweza kuongeza PowerToys ya Microsoft, ambayo tangu mwaka 2022 ina sehemu iitwayo File Locksmith: hubonyezwa faili lenyewe, na jina la mshikaji hutokea.) Kijana akaandika neno "ramadhani". Ikatokea programu moja tu, yenye jina ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia.

Ilikuwa programu ya kuweka akiba. Ofisi iliyotupa mashine iliitumia kuhifadhi nakala za kazi zake, na ilipoitoa mashine haikuiondoa. Kazi yake ilikuwa kuangalia ni faili gani jipya limeingia, kulisoma lote, na kulipeleka kwa njia ya intaneti katika ghala la ofisi ile. Mafaili madogo iliyapeleka upesi na kuyaachia, ndiyo maana hatukuwahi kuigundua. Hili letu la megabaiti 300 lilikuwa zito mno kwa intaneti dhaifu ya chumba cha kufulia. Ilikuwa ikilianza, ikikatika, ikilianza upya, na kila mara ikilishikilia. Yaani faili halikufutika kwa sababu wakati ule ule lilikuwa linanakiliwa kupelekwa kwa watu wengine.

Twawaomba mtafakari lingetokea nini lau tungetumia ile njia ya mkato. Faili lingetoweka mbele ya macho ya mashahidi sita, na mjane angekwenda nyumbani ameridhika. Lakini programu ya akiba haifuati kufuta kwako. Imewekwa hasa ili ikutunzie ulichokifuta. Vipande vilivyokwisha kufika vingekaa huko, pamoja na orodha za miaka miwili ya nyuma, ambazo zilikuwa nyepesi na kwa hiyo, kama tulivyokuja kujua, zilikuwa zimekwisha kufika zote.

Kwetu pwani kuna kufuta kwa namna nyingi. Mtoto chuoni huosha ubao wake, na wino ukaenda na maji. Mgonjwa huandikiwa kombe kwa zafarani juu ya sahani, yakaoshwa kwa marashi, naye akayanywa: maandishi hayapo tena sahanini, lakini hakuna mwenye akili atakayesema yamepotea. Bi Mkubwa ndiye aliyeutoa mfano huo, akitazama skrini. "Hili limekuwa kombe," akasema. "Sasa mtafuteni aliyelinywa."

Kwanza tulichomoa waya wa intaneti. Lingine lolote lingeweza kungoja. Kisha Jumatatu asubuhi wawili wetu, mmoja akiwa akina mama, walikwenda katika ofisi ile. Hatutaitaja, wala hatuna nia ya kuiaibisha. Walitupokea vizuri, na aliyekuwa na dhamana ya mitambo alibadilika uso aliposikia. Tuliomba mambo matatu, nao wakayakubali: watuonyeshe kila kilichofika kutoka katika mashine yetu, wakifute mbele yetu, na wakifute pia katika kikapu cha taka cha ghala lile. La mwisho hilo watu husahau. Maghala mengi ya intaneti hayatupi kitu siku kinapofutwa. Hukiweka kando kwa siku 30 au zaidi, na muda wote huo mtu anaweza kukirudisha. Yule bwana alitugeuzia skrini yake tukaona majina ya mafaili yetu, moja baada ya jingine, kwa Kiswahili. Tuliuliza ni nani aliyeyafungua. Akatuonyesha kumbukumbu za ghala: hakuna aliyeyafungua. Tulishukuru Mungu, na twaamini alichotuonyesha, ingawa mmoja wetu aliyeandamana alisema njiani, tukingoja basi kwenye kile kituo kikubwa kilichofunguliwa Desemba 2016, kwamba kuamini ndilo jambo lililokuwa limetubakia.

Jioni ya Jumatatu tuliiondoa programu ile katika mashine. Safari hii faili lilikubali kwa amri moja, na tulilifuta kwa Shift na Delete ili lisipitie kikapu cha taka. Bado halikuwa limetoweka kabisa. Katika diski za zamani zinazozunguka, kama ya kwetu, kufuta ni kutangaza tu kwamba mahali pale ni tupu. Maandishi hukaa pale pale hadi mengine yaandikwe juu yake, na mjuzi anaweza kuyafufua. Windows inayo amri iitwayo cipher, ambayo ikipewa herufi w huandika juu ya kila mahali palipo tupu. Kijana aliianzisha baada ya Isha, nayo ikaenda usiku kucha. Diski za kisasa zisizozunguka hufanya kazi kwa namna nyingine, na amri hii haina uhakika ule ule kwake.

Mjane alikuja Jumanne asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hakutaka kuelezwa habari za diski. Aliomba aandikiwe jina lake katika kile kisanduku cha kutafutia, naye mwenyewe akaangalia. Kijana akaliandika. Mashine ikatafuta kwa muda, kisha ikasema hakuna kilichopatikana. Akaomba liandikwe kwa namna ile wanayolikosea watu wa hapa, kwa herufi moja zaidi. Likaandikwa. Hakuna. Akachukua mkoba wake akaenda.

Yamebaki ambayo hayako katika uwezo wa kamati. Baadhi ya waliogawa futari walipiga picha za orodha kwa simu zao ili wasipotee njia kati ya majengo, na wengine walitumiana picha hizo. Tunawaomba wote hao wazitafute na kuzifuta, katika simu na katika ghala la picha la simu, na kama alitumiwa mwingine amwambie naye afanye hivyo. Tumekwisha kupata jibu la watu tisa. Wagawaji walikuwa kumi na mmoja.

Na wenye mashine za kupewa au za kununua mkononi mwa mtu, Jumamosi ijayo baada ya Alasiri kijana wetu atakuwapo chumba cha chini kuziangalia moja moja, bila malipo. Njooni na waya wa umeme wa mashine yenu. Akina mama watatangulia, kwa kuwa wengi wao huingia kazini jioni.

Ramadhani ijayo fomu haitauliza zaidi ya idadi ya watu na namba ya mlango. Itaandikwa kwa kalamu katika daftari moja, nalo litakaa katika kabati la Bi Mkubwa, na baada ya Idi litachanwa mbele ya watakaopenda kuja.